Viumbe tunaowadharau ndio wanaotulisha

Mdharau mwiba, wahenga walinena, mguu huota tende. Methali hii niliimeza darasani kama nilivyozimeza nyingine nyingi, nikaiandika katika mtihani na kupata alama zangu, lakini maana yake haikunikolea hadi usiku mmoja nilipokuwa nikidurusu chumbani mwetu mtaani Kariobangi. Mama alikuwa ameketi juu ya kigoda, beseni la managu miguuni pake, akichambua mboga za kuuza asubuhi. Nami, kwa majivuno ya msomi mchanga, nilianza kumsomea kwa sauti kutoka katika daftari langu: kwamba bayoanuwai ni jumla ya viumbe wote walio hai, mimea kwa wanyama, wadudu kwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, pamoja na tofauti zilizomo baina yao na makao wanamoishi, na kwamba kuihifadhi ni wajibu wa kila binadamu.

Mama alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Sasa hiyo bayoanuwai yenu, mwanangu, inaliwa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kuchambua mboga zake taratibu, akingoja jibu, nami sikuwa nalo. Tangu siku hiyo swali hilo limenifuata ndani ya matatu, maktabani na hata kitandani. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu, na kupitia kwake kuwajibu wakazi wengine wa mitaa yetu ambao huenda wana swali hilo hilo lakini hawana mwana wa kumuuliza.

Ni kweli kwamba kwa wengi wetu tuishio Eastlands, tangu Kaloleni na Makongeni hadi Kayole na Dandora, uhifadhi wa viumbe ni shughuli ya watu wengine. Tukisikia neno hilo fikira zetu huenda moja kwa moja hadi Maasai Mara, kwa simba aliyelala kivulini na mtalii mwenye kamera shingoni. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa rasmi mwaka 1946, iko kilomita chache kutoka milangoni petu, lakini mitaani wamo wazee walioishi hapa umri wao wote bila kumwona twiga, ila yule aliyechorwa kwenye sarafu ya shilingi moja. Atakayewalaumu wazee hao kwa kutojali hatakuwa amewatendea haki. Mtu hawezi kukililia kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa kuwa ni chake.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi wa wakazi wa jiji hili hawalijui. Mkataba wa Kimataifa kuhusu Bayoanuwai ulipatana kwa kauli yake ya mwisho papa hapa Nairobi, tarehe 22 Mei 1992, majuma mawili tu kabla ya viongozi wa mataifa kuanza kuutia sahihi huko Rio de Janeiro, Brazil. Ndiyo sababu ulimwengu mzima huadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Bayoanuwai. Isitoshe, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lina makao yake makuu Gigiri, katika jiji hili hili. Mkataba ulizaliwa upande mmoja wa mji, na zaidi ya miaka 30 baadaye habari zake hazijafika upande wa pili. Kosa hilo si la mama yangu. Ni letu sisi tuliosoma, tuliolichukua jambo la jikoni tukalifungia katika makongamano ya hotelini.

Basi na tulirudishe jambo hilo nyumbani, na tuanze na mto.

Mto Nairobi huanza safari yake katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Wamaasai walipaita mahali hapa kwa maji yake baridi, na jiji likarithi jina hilo hata baada ya kuyapoteza maji yenyewe. Mwaka wangu wa pili chuoni, mhadhiri wetu alituongoza kuchota maji na tope katika sehemu mbili za mto huo, moja ya juu karibu na chanzo na nyingine ya chini katika mitaa yetu ya mashariki, kisha akatuamuru tuhesabu viumbe tulivyowapata. Kule juu, sinia letu lilijaa mabuu ya kereng'ende, konokono wadogo, na wadudu wa aina nyingi ambao hawawezi kuishi ila katika maji yenye hewa ya kutosha. Huku chini, umbali wa matembezi mafupi kutoka nyumbani kwetu, tulipata aina moja tu: minyoo myembamba, myekundu, iliyojikunjakunja katika tope jeusi. Mhadhiri alitueleza kwamba wekundu ule watoka katika damu yao, ambayo ina uwezo wa kunasa hata kile kiasi kidogo kabisa cha hewa kilichosalia majini. Wengine wote walikuwa wamekufa au wamehama.

Mtu anaweza kusema: na wafe, kereng'ende ana faida gani? Hebu na tutazame. Buu la kereng'ende huishi majini na chakula chake kimojawapo ni mabuu ya mbu. Samaki wadogo nao hula mabuu hayo. Maji yanapochafuka, kereng'ende na samaki hutoweka, lakini mbu wa aina ya Culex, yule anayetuimbia masikioni usiku kucha, hustahimili maji machafu na huzaana humo bila adui. Tunaponunua dawa ya kuchoma ya kufukuza mbu kila juma, tunalipa kwa shilingi zetu kazi ambayo kereng'ende alikuwa akitufanyia bure. Vivyo hivyo kwa matete na mafunjo. Mimea hiyo huyapunguzia maji kasi, tope likatua; mizizi yake huwa makao ya vijidudu vinavyoozesha uchafu, na mimea yenyewe hufyonza sehemu ya kilichosalia. Tuliing'oa tukidhani ni magugu, na sasa tunatafuta mabilioni ya kujenga mitambo ya kuifanya kazi ile ile.

Wala uchafu huo haukomei kwetu. Mto Nairobi huungana na Mto Mathare na Mto Ngong, ule uliopita Mukuru na eneo la viwanda, kisha maji yote huingia Mto Athi. Athi hubadili jina njiani, ukaitwa Galana, halafu Sabaki, na hatimaye humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Hivyo mvuvi wa Malindi, ambaye hajawahi kukanyaga Korogocho, anaweza kuivua kwa wavu wake chupa tuliyoitupa sisi. Ujirani wa viumbe ni mpana kuliko ujirani wa nyumba.

Tuinue macho sasa kutoka mtoni, tuyaelekeze angani. Nani katika mitaa yetu asiyemjua korongo yule mkubwa, mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, anayesimama juu ya jaa la taka la Dandora kama mzee aliyefiwa? Jaa hilo lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yaliendelea kumwaga. Mwaka 2007, UNEP ilitoa ripoti ya uchunguzi uliohusisha watoto 328 waishio na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu ya watoto hao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Katika mahali kama hapo, korongo ni mfanyakazi wa usafi asiyedai mshahara. Hula nyama iliyooza, ambayo ingekuwa chakula cha panya, mbwa koko na nzi. Nasi tumemzoea hadi tumemdharau, watoto wakimlenga mawe.

Wanaodhani nazungumza kwa hisia za kishairi na wasikie yaliyoipata India. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa nchi hiyo walianza kufa kwa mamilioni, na katika muda mfupi aina tatu zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Hakuna aliyewalilia, kwani nani ampendaye tumbusi? Baadaye wanasayansi waligundua kwamba waliuawa na dawa ya maumivu iitwayo diclofenac, waliyopewa ng'ombe wagonjwa na ambayo ilisalia katika mizoga. Mizoga ikakosa wa kuila. Mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka, na pamoja nao hatari ya kichaa cha mbwa. Uchafu nao ukaingia majini. India ilipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba, kati ya mwaka 2000 na 2005, watu wapatao 500,000 zaidi walikufa kutokana na kutoweka kwa ndege hao. Nusu milioni ya binadamu! Mwiba uliodharauliwa uliota tende. Nasi hapa Kenya tunao wanaotia sumu mizoga ili kuwaua simba na fisi, na kwa kufanya hivyo huwamaliza tumbusi kwa makundi.

Lakini mama aliuliza habari ya kula, na sharti nirudi mezani.

Chakula cha mtu wa Eastlands chafahamika: ugali, sukuma wiki, maharagwe, na siku ya neema, chapati. Hebu tuitazame chapati hiyo. Mwaka 1998 nchini Uganda palionekana ugonjwa mpya wa kutu ya mashina ya ngano, ambao wanasayansi waliupa jina la Ug99. Kuvu wake hupeperushwa na upepo. Ulivuka mpaka ukaingia Kenya, kisha ukaenea Afrika Mashariki na kufika Yemen na Iran. Sehemu kubwa ya ngano iliyokuwa ikilimwa ulimwenguni haikuwa na kinga dhidi yake. Tangu mwaka 2005, mbegu za ngano kutoka nchi nyingi zimekuwa zikiletwa Njoro, katika kituo cha utafiti wa kilimo, zipandwe palipo na ugonjwa ili ionekane ni zipi zitakazosimama. Na kinga ilipatikana wapi? Katika mbegu za kale za wakulima wadogo na katika majani ya porini yaliyo na udugu na ngano, majani ambayo mkulima wa kisasa angeyang'oa bila kuyatazama mara mbili. Laiti yangalikuwa yameangamizwa yote, leo tungalikuwa tukilisimulia jina la chapati kama hadithi.

Ugali nao umewahi kuponea chupuchupu. Mwaka 2011 ugonjwa ulioyanyausha mahindi ulizuka Bomet na kuenea katika maeneo mengine ya nchi. Shamba lililopandwa aina moja ya mahindi, likipatwa na ugonjwa usiostahimiliwa na aina hiyo, huenda lote kwa pamoja. Mkulima aliyechanganya mahindi na mtama, muhogo na kunde, hupoteza kimoja akabaki na vingine. Ndivyo bibi zetu walivyolima. Walikuwa na mbegu ndani ya vibuyu, zimehifadhiwa kwa majivu juu ya dari ya jikoni palipo na moshi. Nao wakati huo hawakuwa na neno bayoanuwai. Walikuwa nayo yenyewe.

Hata managu aliyokuwa akichambua mama usiku ule ni ushahidi. Kwa miaka mingi mboga hiyo, pamoja na terere, saga, mrenda na kunde, ilihesabiwa kuwa chakula cha mashambani cha watu maskini, na baadhi ya maofisa wa kilimo waliiweka katika orodha ya magugu. Leo huuzwa katika maduka makubwa ya jiji, na madaktari huwahimiza wagonjwa waile. Mbegu zake hazikuokolewa na serikali wala kampuni. Ziliokolewa na wanawake ambao hawakukubali kuzitupa. Mama yangu, aliyeniuliza kama bayoanuwai inaliwa, ni mhifadhi aliyenitangulia kwa miaka 30, wala hakuna aliyewahi kumpa cheti.

Tukitoka jikoni tukaingia sokoni Gikomba, tutaikuta bayoanuwai imening'inizwa kwenye vibanda vya mitumba. Ile suruali ya jinzi iliyofifishwa rangi, ambayo kijana huinunua kwa kubembelezana na mwuzaji nusu saa nzima, ina uhusiano na Ziwa Bogoria. Mwaka 1992 watafiti wa kigeni walichukua vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Kutokana na viumbe hao palipatikana vimeng'enya ambavyo hutumika viwandani kuzifanya nguo za jinzi zionekane kuukuu, na pia katika sabuni za kufulia. Kampuni za ng'ambo zilipata faida. Mwaka 2004 suala hilo lilizuka hadharani, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likidai kwamba Kenya haikupewa haki yake. Mwaka 2007 KWS ilitia sahihi mapatano ya kugawana faida na kampuni ya Novozymes ya Denmark, na mwaka 2010 mataifa yakapitisha Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi na jamii zenye viumbe zipate mgao wao. Fundisho ni kwamba hata kijidudu cha ziwa la maji moto kina thamani, na asiyejua thamani ya mali yake huinunua tena sokoni kwa bei ya mwenzake.

Ikiwa mambo ni hayo, mbona basi hatuhifadhi? Jibu moja lipo Kamukunji. Uwanja huo twaujua kwa siasa, hususan mkutano wa Saba Saba wa mwaka 1990 uliotawanywa kwa nguvu. Wachache wanakumbuka kwamba tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka katikati ya jiji hadi Kamukunji wakapanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii tofauti. Huo ndio mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, lililompatia mama huyo Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Mbegu ya jambo lililosifiwa na dunia nzima ilipandwa katika ardhi yetu, hapa Eastlands. Lakini kati ya miti ile saba, miwili pekee ndiyo iliyonusurika.

Miti hiyo miwili ina mafunzo kuliko hotuba nyingi. Kupanda ni kazi ya dakika tano mbele ya wapiga picha; kutunza ni kazi ya miaka. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa lilipewa siku ya mapumziko ili lipande miti, na serikali imejiwekea shabaha ya miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, yadai tuwe na miti katika asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi. Hayo yote ni mema. Lakini msitu wa mti wa aina moja, uliopandwa kwa mstari kama gwaride, si msitu kamili; ndege hapati tunda, nyuki hapati ua, na ugonjwa ukija hupata meza imeandaliwa. Aidha, ni kichekesho kupanda miche barabarani huku mikuyu iliyokomaa ikikatwa nyuma ya nyumba. Mitaa kama Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilipangwa kwa viwanja vya wazi na miti ya vivuli. Sipingi nyumba mpya za ghorofa, maana nami nalala chumba kimoja na ndugu zangu watatu. Ninachouliza ni kwa nini mchoro wa nyumba usianze kwa kuhesabu miti iliyopo.

Sasa nafika mahali pagumu, ambapo ningependa kupita upesi lakini dhamiri hainiruhusu.

Mboga za mama hulimwa ukingoni mwa mto. Kipande hicho cha ardhi si chetu. Alikipata kwa kukiomba kwa aliyekuwapo kabla yake, akakisafisha kwa mikono yake, na ndicho kilichonilipia karo tangu darasa la kwanza. Mwaka 2024, kati ya Aprili na Mei, mafuriko yaliikumba nchi na kuwaua watu zaidi ya 200. Mathare na Mukuru zilizama. Baada ya hapo serikali iliamuru watu wote wahame umbali wa mita 30 kutoka kingo za mito, na matingatinga yakaja. Kwa mujibu wa kila nilichosoma chuoni, amri ya kuupa mto nafasi yake ni sahihi. Mto unahitaji matete yake, na maji ya mafuriko yanahitaji mahali pa kutandaa. Lakini aliyeng'olewa pamoja na mboga zake alikuwa ni mwanamke aliyenisomesha masomo hayo.

Kuna jambo gumu zaidi. Maji anayonyweshea mboga hizo ndiyo yale yale ya minyoo myekundu. Watafiti wamepata madini ya risasi na mengineyo katika mboga zilizonyweshwa maji machafu ya jiji hili. Kwa majuma mawili nilikaa na habari hiyo moyoni. Nikimwambia, nitakuwa nimeupiga teke mkate wetu; nisipomwambia, nitakuwa nimewanyamazia watoto wa majirani wanaozila, na sisi wenyewe pia. Hatimaye nilimwambia. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema: "Basi tuonyesheni maji mengine."

Ndugu msomaji, sentensi hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Mama hakukataa sayansi. Hakuutetea uchafu. Alisema tu kwamba hakuwa yeye aliyeutia sumu mto, na kwamba anayemwondoa kwenye maji mabovu ana wajibu wa kumwonyesha maji mema. Uhifadhi unaomfukuza mlima mboga asubuhi na kuliacha bomba la kiwanda likimwaga usiku si uhifadhi. Ni uonevu uliovishwa nguo ya kijani.

Wala si kweli kwamba hakuna njia. Mwaka 1993, huko Gedi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianzishwa mradi wa Kipepeo. Wakulima waliopakana na msitu huo, ambao wengi wao walitaka ukatwe wapate mashamba, walifundishwa kufuga vipepeo na kuviuza vifukofuko vyao ng'ambo. Walipoona fedha zikitoka msituni bila mti kukatwa, wengi walibadili nia. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji hutunza mikoko na kuuza haki ya hewa safi inayotokana nayo, na mapato hayo yamewaletea maji na vitabu vya shule. Na hapa kwetu Korogocho, vijana wa kikundi cha Komb Green, baadhi yao wakiwa wameacha uhalifu, waligeuza ukingo wa mto uliokuwa jaa likawa bustani ya umma. Siri ya yote haya ni moja: aliyeonekana kuwa adui wa viumbe alifanywa kuwa mlinzi wao, naye akapata riziki.

Kwa hiyo nina maombi. Kwanza, katika mpango wa kuufufua Mto Nairobi uliozinduliwa Machi 2025, sheria na ianzie kwa mwenye bomba kubwa kabla ya kumfikia mwenye jembe dogo. Pili, wanawake na vijana waliokuwa wakiishi kwa kingo za mto na waajiriwe kuwa watunzaji wake, wapande matete na miti ya kienyeji, walipwe kwa mti uliopona wala si kwa mche uliopandwa. Tatu, wapewe vipande vya ardhi na maji salama waendelee kulima mboga za asili, maana mbegu hizo zikipotea mikononi mwao sijui tutazitafuta wapi. Nne, walimu wetu na wawatoe wanafunzi madarasani. Mtoto wa Dandora anayekariri majina ya wanyama wa mbugani na hajui kwa nini korongo yuko juu ya paa lao amefundishwa nusu.

Nasi wakazi tusijivue lawama. Kila mfuko wa taka unaoachwa mtoni usiku una mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo ni jirani tunayemsalimu asubuhi. Kiwanja cha pamoja katikati ya nyumba chaweza kuwa jaa au bustani, na uamuzi huo hauhitaji kibali cha waziri.

Mama, uliniuliza kama bayoanuwai inaliwa. Naam, inaliwa. Umeipika kila jioni tangu nizaliwe. Imo katika managu yako na katika mbegu ulizofunga kwa kitambaa na kuziweka chini ya kitanda. Imo katika chapati ya sikukuu na katika jinzi niliyoivaa kwenda chuoni. Ni kereng'ende aliyekuwa akitulinda na mbu, na ni korongo anayezoa tuliyoyatupa. Nilichelewa kukujibu kwa sababu nililitafuta jibu vitabuni, nalo lilikuwa ndani ya beseni miguuni pako.

Sasa limebaki lile lako la pili, la maji mengine. Hilo si langu peke yangu kulijibu. Wanaohusika na walisome, watujibu sote.

Mwandishi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na mkazi wa Kariobangi, Nairobi.